Hakohoi, hana joto, lakini si yule wa juzi

Sista, pokea salamu nyingi kutoka Kisumu.

Mimi ni mhudumu wa usiku katika makao ya wazee upande wa Mamboleo. Kwa sasa tuna wazee 19. Kazi yangu ni kuwageuza wasioweza kujigeuza, kubadilisha nepi, kutoa dawa za presha alfajiri na kuwaogesha wachache kabla wenzangu wa mchana hawajaingia. Nimeifanya kwa miaka mingi. Nina mambo mawili, la zamani na la wiki hii, na hili la wiki hii ndilo limelifukua lile la zamani.

Juni 2021, ile korona ya Delta ilipoingia kanda ya ziwa, tulikuwa na wazee 17. Siku ya Jumatano niliamka kichwa kinaniuma na koo linakwaruza. Nilimeza dawa ya maumivu nikapanda matatu pale Kondele kama kawaida. Kwetu siku usiyofika hulipwi, na tulikuwa wawili tu usiku. Isitoshe, siku zangu za mapumziko nilikuwa namuosha mama mmoja mgonjwa huko Milimani, kwa maana mshahara mmoja haukutosha kodi ya Manyatta na karo. Barakoa nilikuwa nayo, ile ya kitambaa. Kuna nyakati niliishusha, kwa sababu wazee wengi hawasikii wasipoona midomo yako.

Ijumaa, siku ambayo kafyu ya saa moja jioni ilianza, Dani alikataa uji. Huyu mama tulimwita Dani sote, yaani nyanya kwa Kijaluo, hata sisi Waluhya. Alikuwa na miaka 83, aliuza samaki Kibuye hadi magoti yakakataa. Uji wa wimbi ndiyo furaha yake ya asubuhi, alikuwa anausubiri kijiko kikiwa tayari mkononi. Siku hiyo alikitazama kijiko kama hajui ni cha nini. Nilimgusa paji la uso, hakuwa na moto. Hakukohoa hata mara moja. Usiku wa Jumamosi aliniita Apiyo, jina la dada yake aliyefariki zamani, akaniuliza kama nimewageuza samaki wasiungue. Jumapili alfajiri nilimkuta sakafuni kando ya kitanda.

Matroni alisema ni uzee. Jumatatu akapimwa malaria, ikapatikana, akaanzishiwa dawa, sote tukapumua. Ijumaa iliyofuata saa kumi alfajiri nilimkuta anapumua haraka haraka kama mtu aliyepanda kilima. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ana usingizi tu. Kupata gari ikawa vita. Tulipofika hospitali hapakuwa na kitanda chenye oksijeni hadi saa sita mchana. Jioni hiyo alifariki. Walipokuja kupima makao yote, wazee 11 walikuwa nayo, pamoja nami, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshapona kabisa. Wanne wengine walifariki ndani ya wiki tatu.

Dani alizikwa kabla ya saa 72 kuisha, watu wamevaa nguo nyeupe kama wanaonyunyizia mahindi dawa. Binti yake alikuja kutoka Nakuru hakuruhusiwa kumwona. Langoni aliniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia na kutoka." Hakusema lingine. Leso ya Dani ilibaki kwangu, niliifua nikaitia kwenye mfuko. Namba ya yule binti ninayo pia.

Sasa la wiki hii. Tuna mzee tunayemwita Mzee wa Reli. Alifanya kazi relini, na kila asubuhi nikimuosha hunitajia stesheni: Kibos, Miwani, Kibigori, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan, Lumbwa (yeye hasemi Kipkelion), Londiani, Molo, Elburgon, Njoro, mpaka Nakuru. Hajawahi kuruka moja. Tangu Jumapili anafika Muhoroni, ananyamaza, anarudi Kibos. Chai anaiacha inapoa. Hakohoi. Ile bunduki ya kupima joto inasema 36.4. Wenzangu wawili wa mchana wana mafua. Matroni wa sasa si yule wa zamani, lakini neno ni lile lile: uzee.

Sista, korona bado ipo? Je, mimi ndiye niliyemuua Dani? Na yule binti nimpigie, au nimwache na amani yake?

Mhudumu wa usiku, Kisumu

SISTA ANAJIBU

Mwanangu, naanza na Mzee wa Reli kwa sababu Dani anaweza kungoja na yeye hawezi.

Uzee haumpati mtu kati ya Jumamosi na Jumapili. Huja polepole, kama ukuta unavyopauka. Mzee akibadilika kwa siku mbili, anaumwa, na kazi iliyobaki ni kujua anaumwa nini. Umeniandikia dalili bora kuliko ambazo madaktari wengi huandikiwa kwenye barua za rufaa: anafika Muhoroni halafu anarudi Kibos. Mweleze hivyo hivyo matroni, na daktari akija mweleze hivyo hivyo. Usimwambie "amechanganyikiwa kidogo", maana neno hilo husikika kila siku katika makao ya wazee na halimshtui mtu.

Ndiyo, korona bado ipo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023, na watu wengi wakasikia mwisho wa ugonjwa. Virusi vinaendelea kuzunguka. Kwako wewe au kwa wenzako wa mchana vinaweza kuwa mafua ya siku tatu. Kwa mwenye miaka 80 ni habari nyingine.

Kuhusu joto, hapo ndipo watu hupotea. Homa ni kazi ya mwili unaopigana, na mwili wa mzee hupigana kimya. Wengi wao joto lao la kawaida liko chini ya letu tangu mwanzo. Katika makao ya maveterani huko Marekani, wakaazi waliogunduliwa kuwa na virusi mwaka 2020 walichunguzwa joto, na ni karibu robo tu waliofikia 38. Wengine wote wangepita salama mbele ya ile bunduki ya langoni. Kwa hivyo kwa mzee, 37.8 ihesabu kuwa homa, na hata chini ya hapo, ikipanda digrii moja na kidogo juu ya kawaida yake, ihesabu vile vile. Ila uwe umeiandika hiyo kawaida yake siku alipokuwa mzima. Tumia kipimajoto cha kwapani au cha mdomoni. Ile bunduki waachie askari.

Na kuweweseka, kama Dani alivyoweweseka na samaki wake, ni mlango unaotumiwa sana na ugonjwa huu kuingilia kwa wazee. Mwaka huo huo wa 2020, madaktari wa Marekani walikusanya rekodi za wazee 817 waliofika idara za dharura wakiwa na korona. Zaidi ya robo yao walifika wakiwa wamechanganyikiwa. Kati ya hao waliochanganyikiwa, zaidi ya thuluthi hawakuwa na homa wala shida ya kupumua. Kukataa chakula, kuanguka, kulala mchana kutwa, kujikojolea kwa mtu ambaye hakuwa akijikojolea: hicho ndicho kikohozi cha mzee.

Sasa usiku wa leo. Kama makao yenu yana kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, kitafute, na kama hakina, mwambie matroni duka la dawa lolote kubwa mjini huwa nacho. Pasha vidole vyake moto kwanza kwa mikono yako, mketishe, mbane, ungoje namba itulie kwa dakika nzima. Ikiwa 95 na zaidi, nzuri, pima tena kila saa nne. Ikiwa 94 au chini, mpigie daktari usiku huo huo, usingoje kupambazuke. Chini ya 90 ni gari, si simu.

Niongeze jambo ambalo sisi watu weusi hatukuambiwa mapema. Kifaa hicho hupimia mwanga unaopita kwenye ngozi, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kutaja namba nzuri kuliko hali ilivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hivyo 95 ya Mzee wa Reli usiipokee kwa mikono miwili. Hesabu na pumzi zake pia: tazama kifua kwa dakika moja kamili ukiangalia saa, bila yeye kujua. Zikiwa 25 au zaidi, anahangaika hata kama anakuambia ana usingizi tu. Dani alikuambia hivyo, na hakuwa anakudanganya. Ugonjwa huu una tabia ya kushusha oksijeni ya mtu bila yeye kuhisi kukosa pumzi.

Malaria mpime, ndiyo, pamoja na sukari, presha na mkojo. Mkague kichwa kama alianguka bila mtu kujua. Uliza alipata choo lini na kama ameanzishiwa dawa yoyote mpya. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumrudisha mzee Kibos. Lakini malaria ikipatikana, musifunge faili. Hapa ndipo mlipofungia la Dani, nanyi hamkuwa peke yenu. Kisumu ni nchi ya malaria. Mtu mzima aliyezaliwa na kuzeekea hapo anaweza kuwa na vimelea vichache damuni visivyomsumbua, na kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa. Malaria kwenye kipimo ni habari ya kweli isiyokuambia kama iko peke yake. Mimi mwenyewe, nikiwa kazini, nilimtibu malaria mzee mmoja kwa siku tatu huku nimonia ikimla. Sijaisahau sura ya mwanawe.

Kwa hivyo apimwe korona pia, kile kipimo cha puani. Kikisema hana, kirudieni baada ya siku mbili. Wakati mnangoja, mwekeeni chumba chenye dirisha, na dirisha lifunguliwe kweli, si lile la kufunguliwa mgeni akija. Virusi hivi husafiri hewani. Mwaka 2020 na 2021 tulinyunyizia dawa viatu, noti na matairi ya matatu, halafu tukafunga madirisha ya wazee wasipigwe na baridi. Wenzako wawili wenye mafua wakae nyumbani. Nitarudi kwenye habari ya mshahara.

Ikiwa ni korona, ujue saa yake, kwa maana ina saa. Siku mbili tatu za kwanza ni hizo ulizoziona: chakula, akili, usingizi. Halafu mara nyingi huja utulivu wa uongo, siku ya nne au ya tano, mzee anakunywa nusu kikombe na watu wanasema afadhali. Siku ya tano hadi ya kumi ndipo mapafu huamua, na wengi wanaoteremka huteremkia hapo, wengine kwa usiku mmoja. Dani aliteremka siku ya nane. Kwa hivyo hata akionekana amepata nafuu Jumatano, usiache kupima mpaka siku ya kumi ipite. Saa kumi alfajiri ndiyo saa yako, hakuna mwingine aliye macho.

Katika siku hizo dawa kubwa ni ndogo: maji. Mzee haoni kiu. Mpe vijiko, uji mwepesi, supu, maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, kidogo kidogo kila nusu saa, akiwa ameketi wima asipaliwe. Dawa ya kumeza ya kupambana na virusi, ikipatikana, ina faida siku tano za kwanza tu, na inagombana na dawa nyingi za moyo, kwa hivyo daktari aione orodha yote ya dawa zake. Ile dexamethasone ambayo watu walikuwa wakinunua kama peremende si ya kila mtu. Ilithibitishwa Uingereza Juni 2020 kwamba huokoa maisha ya anayehitaji oksijeni. Kwa asiyehitaji haikuonyesha faida, na huenda ikamdhuru. Matroni akitaka kumpa tu "kwa kuzuia", mwulize namba ya kidole ni ngapi.

Na akipona, hatakuwa amepona siku kipimo kinaposema hana. Wazee hutoka kwenye ugonjwa huu wamepungua nyama za miguu, na aliyekuwa akienda chooni mwenyewe anaweza kuhitaji mtu wa kumshika kwa miezi. Usimwache kitandani kwa huruma. Mketishe kitini tangu siku ya kwanza anapoweza. Mtajie stesheni wewe mwenyewe akichoka.

Sasa Dani.

Sitakuambia kwamba hukuhusika. Ningesema hivyo ungejua nakubembeleza, na usingelala hata hivyo. Nitakuambia ninachokiona kwenye tarehe zako mwenyewe. Kichwa kilikuuma Jumatano. Dani alikataa uji Ijumaa. Kwa Delta, kutoka kuambukizwa hadi kuugua ilikuwa kama siku nne kwa wastani, kwa wengine mbili, kwa wengine zaidi ya wiki. Maana yake ni kwamba Dani, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa ameshavibeba virusi kabla hujaamka na hicho kichwa. Labda alivipata kwako Jumatatu au Jumanne, wakati wewe mwenyewe hukuwa na dalili, kwa sababu mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla ya kuugua. Labda nyote wawili mlivipata kwa mtu wa tatu: mpishi, kijana wa maziwa, mzee aliyerudi kutoka kliniki, mgeni wa Jumapili. Labda alikupa yeye. Hakuna anayeweza kujua leo. Lakini ile siku unayojipigia kifua, ile Jumatano uliyomeza dawa ukapanda matatu, yaelekea si siku iliyomuua Dani.

Kwa wale wanne waliofuata siwezi kukutoa kabisa namna hiyo. Inawezekana. Ungebaki nyumbani ingekuwa bora, na hilo unalijua. Ila tusimame kidogo tuulize ni nani angewageuza wazee 17 usiku huo.

Ngoja nikusimulie ya wenye pesa. Mwishoni mwa Februari 2020 korona iligunduliwa katika makao ya wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Hadi katikati ya Machi walikuwa wamehesabu wakaazi 101 walioambukizwa, na 34 kati yao walikuwa wamefariki, mmoja katika kila watatu. Wafanyakazi 50 waliambukizwa pia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefariki. Wachunguzi wa serikali yao walipoandika sababu, walitaja wahudumu waliokuja kazini wakiwa wagonjwa na wahudumu waliofanya kazi zaidi ya makao mamoja. Kondele hawaijui, lakini habari ni yako. Mshahara usiotosha ulikuwa njia ya virusi kule kama huku.

Katika makao mengine ya eneo hilo hilo, mwezi huo wa Machi, walipima wazee 76, wakapata 48 wenye virusi. Kati ya hao 48, 27 hawakuwa na dalili yoyote siku hiyo. Ndani ya siku chache 24 kati yao wakaugua. Wale walikuwa na maabara, barakoa na madaktari, nao wakapitwa, kwa sababu kila mtu duniani alikuwa akingoja kikohozi. Wewe ulikuwa na kiganja chako kwenye paji la uso la Dani. Na kiganja hicho kiligundua kitu: ni wewe uliyeona kijiko, si matroni. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekufundisha kwamba kijiko ni dalili.

Chanjo nayo ilikuwa imechelewa. Kenya ilipokea dozi milioni moja na kidogo Machi 2021, watu wa miaka 58 na zaidi wakaanza kuchanjwa, halafu India ikazuia kuuza nje na dozi ya pili ikawa ya kusubiriwa. Dozi moja ilikuwa mwavuli mdogo kwa mvua ya Delta.

Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili ana haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku saba kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu malipo katika kila miezi 12, akileta barua ya daktari. "Siku usiyofika hulipwi" si sheria ya Kenya, ni sheria ya mwenye makao yenu. Nendeni wawili au watatu mkamwambie, na mtumie wale wenzako wenye mafua kama mfano wa leo. Mwambieni kwa lugha anayoielewa: siku tatu za mhudumu ni nafuu kuliko mazishi matano.

Mwisho ni binti wa Dani. Unauliza kama umpigie au umwache na amani yake. Mwanangu, amani ipi? Mtu aliyezuiwa langoni, akaona sanduku likishushwa na watu asiowajua, hana amani, ana shimo. Hajui mamake alisema nini siku za mwisho. Wewe unajua. Katika ukoo wote ule ni wewe peke yako unayejua kwamba alikuwa Kibuye na Apiyo, wakichoma samaki, na alichohofia ni wasiungue.

Mpigie, lakini usiende kuungama. Ukianza na "nisamehe, mimi ndiye", utamtwika kazi ya kukufariji au ya kukuhukumu, na yote mawili si haki yake kupewa kwa simu. Mwambie wewe ni nani, mwambie una kitu cha mamake, umwulize kama angependa kusikia siku zake zilivyokuwa. Akikata simu, umefanya lako. Akikuuliza moja kwa moja kama uliugua, mjibu ukweli kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na Jumatano na dawa ya maumivu, bila kuongeza wala kupunguza. Akikutukana, msikilize. Nakuru si mbali. Akikubali, panda gari umpelekee ile leso mwenyewe, usimtume mtu wa boda wala usiitoe kwenye mfuko kabla. Umeshaifua, harufu ya Dani huenda imeisha, lakini mfuko huo ni wake kuufungua.

Hilo linaweza kufanyika wiki ijayo au mwezi ujao. Leo una zamu. Kesho asubuhi niandikie mambo matatu: namba ya kidole ya saa mbili usiku, namba ya saa kumi alfajiri, na stesheni aliyofika.